Mwashoki na Jua la Dodoma

Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, Iyumbu, Dodoma

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji, wajumbe wa mashina, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokaa juu ya matofali huko nyuma: Mbukwenyi! Naam, wenyeji mmeitika vizuri. Sisi wakuja bado tunajifunza.

Mwenyekiti ameniita nizungumze kuhusu miti ya kupamba mtaa, maana mvua zinanukia na kamati imeshachangisha fedha za miche. Nikamuuliza, mmekubaliana kupanda mti gani? Akaniambia, miashoki. Yote? Yote. Miche 200, barabara hii nzima ya mita 200, pande zote mbili, mche kila baada ya mita 2. Basi hotuba ya miti kwa ujumla nimeiacha nyumbani. Nitauzungumzia mwashoki peke yake, kwa sababu ni mti ninaoupenda, ndio unaolipa ada za wanangu kutoka kitaluni kwangu, na naona tunakaribia kuupa kazi isiyo yake. Mfanyabiashara anayewaambia wateja wapunguze kununua mjue ana sababu.

Mwashoki ni mti wa misitu ya kijani kibichi ya kusini mwa India na Sri Lanka. Aliyeuandika kwanza kisayansi ni Mfaransa Pierre Sonnerat, mwaka 1782. Kwa muda mrefu umejulikana kama Polyalthia longifolia, na mwaka 2012 wataalamu wa mimea waliuhamishia kwenye jenasi ya Monoon. Mkikuta kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile, mti ni huohuo. Familia yake mnaijua vizuri: ni ya mstafeli na mtopetope. Na kama kuna mtu hapa amekulia Unguja au Pemba, kuna mlangilangi, ule unaotoa mafuta ya manukato. Ua la mwashoki limefuata umbo la ua la mlangilangi, petali sita nyembamba, tatu kwa tatu, ila limefifia, kijani juu ya kijani, na halidumu. Watu wengi wana miashoki getini miaka nenda rudi na hawajawahi kuona ikichanua. Matunda wanayaona, kwa sababu popo wanayafuata usiku na asubuhi kokwa zimetapakaa uwanjani.

Kuna wanaosema huu ndio mti mtakatifu wa Wahindu. Sio. Ule ni Saraca asoca, mti wa jamii ya mikunde, wenye maua ya rangi ya chungwa yanayoiva kuwa mekundu. Majani ya miti hiyo miwili yanakaribiana, basi watu wakaichanganya, na kosa hilo limesafiri na mti mpaka huku.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalotuhusu leo, ni kwamba porini kwao mwashoki hauko hivi. Porini unatanua matawi na una kivuli. Huu wa magetini, wenye matawi yaliyoinama mpaka yanafunika shina, ni aina iliyochaguliwa na watunza bustani. Walikuwa na mti wenye kivuli wakachagua ule uliokosa kivuli, kwa makusudi, kwa sababu walitaka umbo. Shina lake hunyooka na lina unyumbufu, ndiyo maana zama za vyombo vya matanga lilitengenezewa milingoti. Leo huko Asia mbao zake zinaishia kwenye penseli, visanduku na njiti za kiberiti.

Sasa tuulete Dodoma. Hapa tuko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 570, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo. Misitu ya kijani kibichi tunayo Tanzania, na mingine haiko mbali sana nasi: nenda milima ya Rubeho, upande wa Mpwapwa na Kilosa, au Ukaguru. Lakini misitu ile inasimama pale ambapo upepo wa Bahari ya Hindi unagonga mlima na kuacha maji yake, na siku ambayo hakuna mvua kuna ukungu. Unyevu huo haufiki huku kwetu.

Mtu atauliza, mbona miashoki imejaa mjini, na mingine ni mirefu kuliko nyumba za ghorofa? Ni kweli. Mwashoki unaweza kuvumilia ukame kiasi, kwa sababu huko Sri Lanka unaota hata upande ambao wenyewe wanauita mkavu. Ila ukavu wa watu unatofautiana. Upande ule mkavu wa Sri Lanka hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya tunazopata sisi. Kwa hiyo kila mwashoki mzuri mnaouona Dodoma, kuna mtu nyuma yake ameshika mpira wa maji. Ofisi ina mtunza bustani. Hoteli ina kisima. Nyumba ya fulani ina kijana wa kazi. Ukiona mstari wa miashoki iliyokauka juu, majani ya chini yameungua ncha, ujue yule kijana ameondoka na hakupatikana mwingine.

Na hili la kijani kibichi nilifafanue, kwa sababu linaleta malalamiko kitaluni. Mti wa kijani kibichi haumaanishi mti usiodondosha majani. Unadondosha, ila kidogokidogo mwaka mzima, badala ya kupukutisha yote kwa mkupuo kama mbuyu unavyofanya kiangazi. Mama zangu mnaofagia uwanja asubuhi mnalijua hilo. Majani machanga yanatoka na rangi ya shaba, yanang'aa, laini. Wapo wanaoniletea kitawi wakiwa na wasiwasi kwamba mti umeshikwa na ugonjwa. Hauumwi.

Sasa jua. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mtaa wetu hauna tatizo la uzuri, una tatizo la joto.

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba. Machi kuna mawingu, mvua zipo, hatulihisi sana. Oktoba hakuna wingu, vichaka vyote vimekwisha majani, na joto bado linapanda kuelekea Novemba. Siku hizo, ikifika kama saa sita na nusu mchana, nendeni mkasimame kwenye mwashoki wenye urefu wa mita 8. Tafuteni kivuli chake. Kiko palepale miguuni pa mti, upana wa mita moja, moja na nusu. Mtoto anayetoka shule hatembei chini yake. Bodaboda haegeshi chini yake. Mama wa mbogamboga haweki meza chini yake. Ni mwavuli uliokunjwa. Pangeni 200 barabarani, na barabara itabaki na jua lilelile la leo, ila itapigwa picha vizuri.

Msielewe kwamba nauponda. Ngojeni hiyohiyo Oktoba, siku hiyohiyo, mpaka saa kumi na nusu jioni. Jua limeshuka upande wa magharibi, limebaki juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 30 hivi. Sasa mti mpana wenye matawi yanayoanzia juu hausaidii sana, kwa sababu jua linapenya chini ya matawi na kuingia moja kwa moja dirishani. Lakini mwashoki una majani kuanzia ardhini mpaka kileleni. Wenye mita 6 tu wakati huo unatupa kivuli cha mita 10. Hapo ndipo unapopata kazi yake halali.

Wengi wetu tumejenga kwa bloku na bati, na vyumba vya kulala vimeelekea magharibi kwa sababu kiwanja kilikaa hivyo. Ukuta wa bloku unakula jua kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, halafu usiku unalitema ndani. Ndiyo maana saa nne usiku mtu bado anageuka kitandani na feni inazungusha hewa ya moto. Ukuta huo ukiukinga na mstari wa miashoki, jua halifiki kwenye bloku. Tatizo umelizuia nje kabla halijaingia. Ukuta wa mita 9 unahitaji miti 7, mche na mche mita moja na nusu, mstari ukae mita 2 mpaka 3 kutoka ukutani ili mafundi wa rangi na wa mabomba wapate pa kupita. Kisha ongeza mti mmoja kila mwisho wa mstari, kwa sababu Juni jua linazama likiwa limeegemea kaskazini na Desemba limeegemea kusini. Nimeona watu wakipanda mstari unaolingana na ukuta barabara, halafu Desemba wanashangaa jua linaingia kwa pembeni.

Kazi yake nyingine ni sehemu nyembamba. Viwanja vyetu vingi vimebanana. Kati ya nyumba na uzio kuna kichochoro cha mita 2, na jirani ana ghorofa, dirisha lake linatazama mnapoanikia nguo. Mti wowote mwingine hapo utaleta kesi kwa Mwenyekiti, kwa sababu matawi yatavuka. Mwashoki hauvuki. Mizizi yake pia haina sifa mbaya ya mikuyu, ambayo ikinusa maji inafuata bomba mpaka ndani ya karo. Vilevile kwa wenye nyumba kando ya barabara kuu, mstari wa miashoki unakamata vumbi vizuri, mkitaka ushahidi pangusa jani lake mwezi wa Septemba. Kuhusu kelele siwezi kuwaahidi. Watu wanasema unazuia kelele za barabarani, lakini mstari mmoja wa miti haunyamazishi honi ya lori. Kelele zinahitaji ukanda mpana wa miti, mistari kadhaa, na nani ana nafasi hiyo?

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu mhazini yupo hapa. Mche wa mwashoki katika ardhi hii, ili uvuke kiangazi cha kwanza na cha pili, mimi naupa ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Miche 200 ni lita 8,000 kwa wiki. Mei mpaka mwisho wa Novemba ni wiki 30. Hizo ni lita 240,000, yaani uniti 240 za maji kwa kiangazi kimoja. Bili hiyo italipwa na nani? Na siku za mgao, nani atabeba? Nimesikia mtu huko nyuma anasema kila mwenye nyumba atamwagilia wa kwake. Sawa. Na mbele ya viwanja ambavyo havijajengwa? Na wapangaji wakihama?

Sasa fikirini barabara hiyohiyo ikipandwa miti ya kivuli, mmoja kila baada ya mita 10. Inatosha miti 20 kila upande, 40 jumla. Kwa kipimo kilekile cha ndoo mbili kwa wiki, ni uniti 48. Na miti yenyewe ni ya aina inayoweza kujitegemea mapema zaidi. Mwarobaini mnaujua, nao asili yake ni huko Bara Hindi, lakini ni wa sehemu kavu, ndiyo maana umeizoea Dodoma kuliko baadhi yetu. Ubaya wake unaota kila mahali mbegu inapoanguka, na watu wameuchoka. Mzambarau una kivuli kizito cha kijani mwaka mzima, ila usiupande unapoegesha gari, na kubalini kwamba watoto wataupanda na kushuka na midomo ya zambarau. Mkwaju ni mzuri kuliko yote kwa maoni yangu. Ni wa Afrika hasa, hata kama jina lake la kisayansi linautaja kuwa wa India. Hauna haraka, atakayekaa chini yake ukiwa umekamilika ni mjukuu, lakini upepo wa Agosti hauutikisi. Mimi ningechanganya. Mtaa wa mti wa aina moja ukiingiliwa na mdudu mmoja, unapoteza yote kwa msimu mmoja.

Kisha kuna jambo linaloniudhi, na nitalisema mbele ya Diwani. Mtu ananunua kiwanja kina mgunga mkubwa, au mkwaju, au mbuyu pembezoni. Kazi ya kwanza analeta katapila, anasafisha kila kitu mpaka kiwanja kinang'aa. Ya pili anajenga. Ya tatu anakuja kitaluni kwangu ananunua miashoki, kwa sababu uwanja una joto. Namuuzia, nifanyeje. Lakini mti uliokatwa ulikuwa na mizizi iliyokwisha kushuka chini kutafuta maji kabla huyo bwana hajazaliwa, haukuhitaji ndoo hata moja.

Mkoa huu una historia katika jambo hili. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ndio ulioanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wazee wanaouita HADO. Kondoa ilikuwa imekuwa makorongo matupu. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, na mimea ikarudi, sehemu kubwa yenyewe, kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini. Siku hizi mnasikia habari za kisiki hai, wakulima wa vijiji vyetu wanachagua machipukizi kwenye visiki, wanapogolea, wanayaacha yakue. Ni elimu hiyohiyo. Kwa hiyo kabla kamati haijatumia shilingi moja, nawaomba vijana wapite mtaani na chokaa, wawekee alama kila mti na kila kisiki kinachochipua kwenye hifadhi ya barabara, na Mtendaji atuandikie kwamba haugusiki. Nimepita jana jioni, kuna migunga mitatu mizuri kwenye kona ya kisima na mwingine mbele ya kiwanja kisichojengwa. Hiyo minne haiko kwenye bajeti yenu na tayari ina kivuli.

Haya, mtakaopanda miashoki, na wapo wenye sababu ya kuipanda, nisikilizeni kuhusu upandaji.

Unaponunua, usidanganyike na urefu. Mche mrefu kuliko wewe ndani ya kiriba kidogo umekaa kitaluni kupita muda wake, na mizizi imejizungusha ndani ya kiriba. Ukiupanda hivyo, mizizi inaendelea kuzunguka, na mti ukifika mita 5 upepo wa Julai unaulaza. Chagua mche unaokufika kiunoni, shina nene, kilele kimoja ambacho hakijavunjika. Muulize mwenye kitalu kama umeshazoeshwa jua. Uliotoka moja kwa moja chini ya nyavu utaungua wiki ya kwanza. Wanaotaka kuotesha wenyewe, wahini mbegu. Kokwa la mwashoki halihifadhiki kama mahindi. Likikauka limekufa. Liokote likiwa bichi, baada ya tunda kuiva na kuwa jeusi-zambarau, lioshe, lifukie siku hiyohiyo au kesho yake.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Najua ardhi ya huku ni ngumu, ukipiga sururu inarudi, na ndiyo sababu hasa shimo liwe kubwa, kwa maana ukichimba kishimo cha kikombe mizizi itakaa humohumo. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu changanya na debe la samadi iliyooza. Nasema iliyooza. Samadi mbichi inaunguza, na samadi yenye vijiti inaalika mchwa, na mchwa wa Dodoma hawahitaji kualikwa mara mbili. Chimbeni sasa, mashimo yakae wazi, mpande baada ya mvua ya pili au ya tatu nzito. Mvua ya kwanza ya Desemba mara nyingi inatudanganya, inanyesha siku mbili kisha inapotea wiki tatu, kila mkulima hapa ameshapoteza mbegu kwa ajili yake.

Kiriba kitolewe. Nalirudia kila mwaka na kila mwaka nafukua miche iliyokufa nikikuta nailoni. Chana pembeni kwa wembe, toa taratibu, udongo usisambaratike, na kama mizizi imezunguka chini, ikate ile iliyojiviringa. Panda usawa uleule wa shingo ya mche. Tengeneza kisahani cha kushika maji, upana wa hatua moja. Tandaza nyasi kavu au maganda, ila matandazo yasiguse shina, acha upana wa kiganja, kwa ajili ya mchwa haohao. Majivu ya jikoni yazungushie, yanasaidia kidogo, mvua ikiyaosha rudia.

Maji ya kufulia yanaweza kutumika, yale ya suuza, si ya povu zito na si yenye jiki. Wenye visima vya maji ya chumvi, na huku kwetu ni vingi, mwashoki utawaambia wenyewe: ncha za majani zitaanza kuungua kahawia. Mkiona hivyo, wakati wa mvua vuneni maji ya bati, na mkimwagilia mwagilieni kwa wingi mara chache ili chumvi ishuke chini, badala ya kikombe kila siku kinachoiacha juu.

Jambo la mwisho kabla ya maswali ni nyaya. Mwashoki unavuka mita 15 bila shida. Chini ya waya wa umeme usipandwe, hata kama fundi amekwambia utaukata kilele kila mwaka.

(Maswali yaliulizwa. Nayaandika haya matatu kwa kuwa yaliulizwa na wengi.)

Mama mmoja ameuliza kama miashoki inaleta nyoka. Mama yangu, nyoka anafuata panya na ubaridi. Matawi ya mwashoki yakiachwa yaguse ardhi, na takataka zikirundikwa chini yake, panya watakaa, na anayewala atakuja. Inua majani ya chini kidogo, kiasi cha futi moja, fagia. Kama umeupanda kwa ajili ya kukinga ukuta, futi hiyo moja haitakupunguzia kitu.

Mzee ameuliza ni dawa ya nini. Kweli, huko India gome lake limetumika katika tiba za jadi, hasa kwa homa, na maabara zimeuchunguza sana. Lakini mzee wangu, mimi ni mtu wa vitalu. Kituo cha afya kipo, homa kapimiwe malaria.

Na kijana ameuliza kama akate kilele ili mti utanuke utoe kivuli. Ukikata kilele, chini yake yanachomoza machipukizi kadhaa yanayoshindana kupanda juu, kila moja limeshikwa na shina kwa udhaifu. Utapata mti wenye vichwa vitatu, na siku ya upepo mkali kimoja kitaanguka juu ya bati la jirani. Kama unataka kivuli, chimba shimo jingine hatua kumi kutoka hapo upande mkwaju. Huo mwashoki uache ukinge jua la jioni.

Mwenyekiti, muda nimeula. Naomba wenye nyumba za upande wa nguzo za umeme wasiondoke, tuna kamba na vigingi hapa, tupime mstari kabla jua halijawa kali. Wa kona ya kisima, chokaa iko kwa Mtendaji.